KARATASI YA NDANI YA DAWA: TUISOME, TENA TUWASOMEE WENGINE



Katika namba hii ya gazeti letu ninapenda kueleza juu ya kitu kimoja ambacho wengi wetu tunakidharau: ile karatasi ndogo iliyokunjwa mara nyingi ndani ya kisanduku cha dawa. Kwa Kifaransa inaitwa "notice", na sisi hapa Bukavu tunaita vilevile notisi. Mara nyingi tunaitupa bila kuifungua. Wengine hawajaiona hata siku moja, kwa sababu wananunua dawa kidonge kimoja kimoja. Lakini ndani yake kuna maneno ambayo mtu akiyakosa, dawa nzuri inaweza kumwumiza kuliko ugonjwa wenyewe.

1. GINSI TUNAVYONUNUA DAWA

Tazama mambo yanavyokwenda mjini kwetu. Kadutu, Ibanda, Bagira, kila mahali kuna farmasi, na kwa njia nyingine ziko mbili ao tatu zinatazamana. Mama anaingia na kusema: "Munganga, unipe dawa ya kichwa na ya tumbo." Muuzaji anachukua mkasi, anakata plakete, anatia vidonge ndani ya sashe ndogo, anasema: "Unakunywa mbili asubui, mbili magaribi." Mama analipa na kutoka.

Sasa tuhesabu vitu alivyoacha nyuma. Kisanduku kimebaki kwa muuzaji. Notisi imebaki ndani ya kisanduku. Jina la dawa limekatwa katikati na mkasi. Tarehe ya mwisho imepigwa upande mmoja tu wa plakete, na upande ule ameupata mwingine. Kitu alichobeba mama ni vidonge visivyo na jina, na maneno ya kinywa. Na maneno ya kinywa, mbele ya kupanda mlima na kufika nyumbani kwenye mtoto analia kwa homa, nusu yamekwisha kupotea.

Mimi simhukumu mama huyu. Feza yake inatosha vidonge vinne, haitoshi kisanduku kizima. Hata muuzaji hatukani mtu akikata plakete, kwa maana asipokata hatauza. Lakini umaskini wa feza haupashwi kuwa pia umaskini wa habari. Vidonge vinne vinaweza kutoka farmasini pamoja na maneno manne yaliyoandikwa: jina, kipimo, siku ngapi, na nani asimeze. Karamu na kipande cha karatasi havina bei kubwa.

2. NANI ALIANZA KUDAI MAANDIKO HAYA?

Wengine wanawaza kwamba notisi imekuwako tangu dawa zianze. Hapana. Zamani viwanda viliandika habari za dawa kwa ajili ya madaktari peke yao, na mgonjwa alipaswa kumeza na kunyamaza.

Neno hili liligeuka kwa sababu wagonjwa walisema. Kule Marekani wanawake wengi walikuwa wakimeza vidonge vya kupanga uzazi tangu mwaka 1960. Vidonge vile vya kwanza vilikuwa na nguvu nyingi, na kwa wanawake wengine viliweza kuleta damu kuganda ndani ya mishipa. Mwaka 1969 Barbara Seaman alitoa kitabu juu ya hatari hiyo. Mwaka 1970 maseneta waliita madaktari na wataalamu waeleze neno hilo. Wanawake vijana waliokuwa wameketi kusikiliza wakasimama, wakauliza kwa sauti kwa nini hakuna mwanamke hata mmoja aliyemeza vidonge hivyo aliyeitwa kusema. Mwaka ule ule serikali iliamuru karatasi ya maelezo kwa mgonjwa iwekwe pamoja na vidonge hivyo.

Ulaya nayo ilifwata. Mwaka 1992 nchi za umoja wao ziliweka sheria: dawa ipate notisi inayoeleweka kwa mwenye kuitumia, na iandikwe katika luga ya nchi ambamo inauzwa. Mwaka 2004 wakaongeza neno lingine la akili: kiwanda hakiwezi kusema tu kwamba notisi yake ni wazi, kinapaswa kuipima kwa watu. Wanakusanya watu wa kawaida, kama 20, wanawapa notisi, kisha wanawauliza: "Ukisahau kumeza asubuhi, utafanya nini? Tuonyeshe mahali palipoandikwa." Wakishindwa kupata ao kueleza, kosa si la wasomaji. Kosa ni la karatasi, nayo inaandikwa upya.

Tuweke neno hili moyoni: kosa ni la karatasi. Maana kwetu tunafanya kinyume. Mtu asipoelewa tunasema: "Hakusoma, huyo."

3. NA SISI, TUNAANDIKIWA KWA LUGA GANI?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inasema Kifaransa ni luga ya serikali, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba ni luga za taifa. Lakini fungua visanduku vitano vya dawa, utasoma Kifaransa, na Kiingereza pia, kwa sababu dawa nyingi zinatoka India na nyingine zinapita Kenya na Uganda. Kiswahili, luga ambayo mama alimwelezea mganga ugonjwa wake, hukioni.

Mpaka siku viwanda vitakapotuandikia kwa Kiswahili, ni nani atakayemsomea mama? Ni sisi. Mwanafunzi wa sekondari anayesoma Kifaransa ndiye notisi ya nyumba yao. Basi ajue maneno haya:

a) "Composition" ao "DCI": jina la kweli la dawa, mbali na jina ambalo kiwanda kimelipatia.

b) "Indications": ni ya ugonjwa gani.

c) "Contre-indications": nani asiimeze hata kidogo.

d) "Posologie": kipimo, mara ngapi, siku ngapi.

e) "Voie orale": ya kumeza. "Usage externe": ya kupakaa juu ya ngozi, isiingie kinywani. "Suppositoire" inatiwa nyuma, na "ovule" inatiwa ndani ya uke wa mwanamke. Msicheke, ninyi wa mwaka wa kwanza. Mtu akikosa neno moja hapa, dawa yote imepotea.

f) "À jeun": tumbo likiwa tupu. "Au cours du repas": wakati wa kula.

g) "Effets indésirables": mabaya ambayo dawa inaweza kuleta. "Somnolence" ni usingizi. Shofa ao mtu wa moto akimeza dawa yenye neno hili asipande barabarani, kwa ajili yake na kwa ajili ya wale aliobeba.

h) "EXP" ao "PER": mwisho wa kutumika. Ikiandikwa mwezi na mwaka tu, dawa ni nzuri mpaka siku ya mwisho ya mwezi ule.

i) "LOT": namba ya kundi la dawa zilizotengenezwa pamoja. Nitairudia chini, kwa sababu ni kubwa kuliko inavyoonekana.

4. MITEGO MINNE

Mtego wa kwanza: majina. Dawa moja inaweza kuwa na majina kumi. Paracetamol inauzwa kwa jina la Doliprane, Efferalgan, Dafalgan, Panadol na mengine. Mtu anaumwa kichwa, anameza vidonge viwili vya jina hili, kisha viwili vya jina lile, akiwaza ni dawa mbili zinazosaidiana. Kumbe ni moja. Tufanye hesabu: kidonge kimoja kina miligrama 500. Vinne kwa mara moja, mara tatu kwa siku, ni vidonge 12, ndiyo grama 6. Mtu mzima haruhusiwi kupita grama 4 kwa siku, na notisi nyingi zinasema asipite grama 3 bila daktari. Paracetamol ikizidi inaharibu maini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia vizuri tu. Kwa hiyo usitazame jina kubwa la mbele. Tafuta lile jina dogo lililoandikwa chini yake.

Kwetu kuna tena mtego wa neno "kinini". Mji wetu uko na kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miaka mingi kimetoa kinini katika maganda ya miti iliyopandwa kwenye milima ya Kivu. Ni heshima kwetu. Lakini ng'ambo ya Ruzizi, jirani zetu wa Rwanda wanaita kidonge chochote "ikinini", na hapa kwetu pia unasikia mtu anasema "nimemeza kinini" wakati amemeza kitu kingine kabisa. Mbele ya mganga jina kama hilo halitoshi. Beba plakete yenyewe.

Mtego wa pili: saa. Notisi inasema "à 8 heures". Mwanafunzi mwenye haraka anamwambia bibi yake: "Ni saa nane." Bibi anangoja mpaka jua la mchana, kwa maana saa nane ya Kiswahili ni "14 heures". Ilipaswa kusema saa mbili ya asubuhi. Tena "toutes les 8 heures" si saa nane wala saa mbili, ni kila saa 8 zikipita: kwa mfano saa kumi na mbili ya asubuhi, saa nane ya mchana, saa ine ya usiku. Ukiona karatasi ya mganga imeandikwa "1 x 3", ujue ni kidonge kimoja mara tatu, siyo vitatu kwa mara moja.

Mtego wa tatu: kijiko. "Cuillère à café" ni kijiko kidogo, mililita 5. "Cuillère à soupe" ni kijiko kikubwa, mililita 15. Ukivichanganya mtoto anapata mara tatu ya kipimo chake. Na vijiko vya jikoni havilingani, basi tumia kile kipimo cha plastiki kilichotoka pamoja na chupa. Dawa ya watoto ya unga, kama amoxicilline, inachanganywa na maji safi mpaka kwenye alama, na ikiisha kuchanganywa inakaa siku chache tu. Notisi inasema ngapi. Chupa iliyobaki tangu mwezi uliopita si akiba, ni takataka.

Mtego wa ine: woga. Mwingine anasoma orodha ndefu ya mabaya, anatupa dawa yote. Huyu naye hakusoma vizuri. Katika notisi za Ulaya maneno haya yana hesabu yake. "Très fréquent" ni zaidi ya mtu 1 kwa 10. "Fréquent" ni kati ya mtu 1 na 10 kwa watu 100. "Peu fréquent" ni kati ya 1 na 10 kwa watu 1.000. "Rare" ni kati ya 1 na 10 kwa watu 10.000, na "très rare" ni chini ya hapo. Notisi inaweza hata kutuliza roho. Aliyemeza kinini akasikia masikio yanalia, akisoma atajua kwamba neno hili linajulikana, atamwambia mganga, na hatasema kwamba jirani amemroga.

Na kuna onyo ambalo si la kuogopa bila sababu, ni la kutii. Tetracycline, ambayo watu wanaimeza kwa kila kidonda na kila tumbo, haifai kwa mwanamke mwenye mimba wala kwa mtoto wa chini ya miaka 8, kwa sababu inaharibu rangi ya meno yanayokomaa na inagusa mifupa. Imeandikwa kwenye notisi. Lakini aliyenunua vidonge vitatu ndani ya sashe atayajua wapi?

5. MFANO MZURI: DAWA INAYOSEMA KWA PICHA

Mtu anaweza kuuliza: "Na yule asiyejua kusoma kabisa?" Jibu liko. Dawa ya malaria inayoitwa Coartem iliwekwa katika plakete zenye picha na rangi mbalimbali kwa kila uzito, ili hata mzazi asiyesoma afwate. Mtoto wa kilo 5 mpaka 14 ni kidonge 1 kwa mara moja. Kilo 15 mpaka 24 ni 2. Kilo 25 mpaka 34 ni 3. Kilo 35 na zaidi ni 4. Mara mbili kwa siku, siku 3, ndiyo mara 6 zote. Mara ya pili ni kisha saa 8 tangu ile ya kwanza. Na imezwe pamoja na chakula ao maziwa, kwa sababu mafuta ya chakula yanaisaidia kuingia mwilini.

Tazama sasa: mtu mzima anahitaji vidonge 24. Akinunua 8 kwa sababu homa imeshuka, picha zote zimekatwa na mkasi, na vijidudu vya malaria vilivyobaki vinaamka tena. Plakete ile ilitengenezwa izungumze. Sisi tunaikata ulimi.

6. KARATASI HAIMALIZI YOTE: MAMBO YA ITURI

Ni lazima tuseme ukweli wote. Maandiko yanaweza pia kudanganya.

Mwisho wa mwaka 2014, huko Ituri, watu walianza kufika kwa waganga shingo zikiwa zimepindika, uso na ulimi vinakazana, macho yamegeuka. Mpaka Agosti 2015 wagonjwa wa namna hiyo walipita 1.000, wengi wao watoto, na wengine walikufa. Mwanzoni waliwaza ni meningite. Kisha wachunguzi wakagundua kwamba wagonjwa walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepam, na ndani yake hamkuwa na diazepam. Mlikuwa na haloperidol, dawa kali ya magonjwa ya akili. Mwaka 2015 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa onyo kwa nchi zetu.

Tunajifunza nini? La kwanza, kusoma peke yake hakutoshi kama aliyeandika ni mwongo. Ndiyo sababu serikali inapashwa kuchunguza dawa, na sisi tununue mahali panapojulikana, siyo kwenye beseni la dawa linalopigwa jua sokoni. La pili, wachunguzi walijua kwa sababu dawa ilipatikana na kupimwa. Hapa ndipo namba ya LOT inafanya kazi. Ni kama kitambulisho: ikijulikana kwamba kundi fulani ni baya, kila mwenye kisanduku anaweza kutazama kama lake ni hilo. Mwenye vidonge vitupu ndani ya sashe hana kitu cha kutazama. La tatu, wengi walipewa dawa ile kwa magonjwa ambayo hata diazepam ya kweli haiyaponyi. Wangeuliza, "Dawa hii ni ya nini?", pengine wasingeimeza.

7. TUFANYE NINI, SISI WA HAPA?

Ninaomba tushike maneno haya, katika internat na nyumbani:

- Usipokee kidonge cha rafiki bila kujua jina lake. "Mimi kilinisaidia" si notisi. Nenda kwa mganga wa masomo.

- Ukienda farmasini, nunua dozi yote kama inawezekana. Ikishindikana, omba uonyeshwe kisanduku, na uandike wewe mwenyewe juu ya sashe: jina la dawa, miligrama, EXP, LOT, vidonge vingapi kwa saa gani, siku ngapi, na kwa ajili ya nani. Muuzaji akikasirika, mwambie kwa heshima: "Munganga, nisamehe, nitasahau." Hakuna muuzaji mzuri anayekataa.

- Useme kama mgonjwa ana mimba, kama ananyonyesha, kama ni mtoto wa kilo ngapi, na kama anameza dawa nyingine, hata ya majani.

- Weka kisanduku na notisi mpaka mgonjwa apone kabisa.

- Ukiisha kumweleza mama ao bibi, usimwulize "Umesikia?", maana atajibu "Ndiyo" ili usichoke. Mwambie: "Mama, sasa wewe uniambie namna utakavyomeza." Akisema vingine, usimcheke. Wewe ndiye karatasi, na kosa ni la karatasi. Eleza tena kwa maneno mepesi.

- Usibadilishe kipimo kwa akili yako. Kazi yetu ni kusoma na kufasiria. Kazi ya kupima ni ya mganga. Neno usilolielewa, usilikisie, uliza.

Kwa ruhusa ya wakubwa wetu ninatoa pia shauri moja. Kila darasa la mwaka wa tano na wa sita lichague notisi moja ya dawa inayotumika sana, liandike kwa Kiswahili cha hapa Bukavu, ukurasa mmoja tu, kwa sentensi fupi. Mganga wa masomo aisahihishe mbele ya yote. Kisha tuipime kama wanavyofanya Ulaya: tuwape wamama wanaotupikia jikoni na wazee walinzi wa mlango, tuwaulize maswali matatu. Wakikosa, tunaandika upya. Ile itakayopita itapigwa kwenye stensili, na kila mmoja ataipeleka kwao wakati wa likizo.

Watu wanasema sisi wanafunzi tunajua Kifaransa cha kujivunia tu barabarani. Mgonjwa wa kwanza utakayemkuta nyumbani akishika sashe mkononi, anza na yeye. Mwulize jina la dawa yake.

Mkuu wa wanafunzi,
Mwaka wa sita